Uchaguzi wa Shilingi: Jibu kwa Wanaotaka Kuifanya Shule Duka

Wasomaji wa jarida hili wanalijua neno uchaguzi kwa bei iliyolipiwa. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani hakikufutwa kwa hisani Desemba 1991. Kilifutwa kwa sababu kulikuwa na watu waliokubali kufukuzwa kazi, kupigwa na kutiwa kizuizini ili mwananchi aweze kuona zaidi ya jina moja la chama mbele yake. Ndiyo maana inatupasa tuwe macho neno hilo hilo linaporudi kwetu likiwa limevaa joho la mfanyabiashara. Mzazi, tunaambiwa, apewe uchaguzi. Shule zishindane kama maduka yashindanavyo. Iliyo nzuri itapata wanafunzi na fedha, iliyo mbaya itafunga milango, na serikali ikae kando ikitazama. Nani atapinga uchaguzi? Mimi napinga uchaguzi wa namna hiyo, na nitasema kwa nini.

Fundisho hili halikuzaliwa juzi, wala halikuzaliwa Afrika. Mwaka 1955 mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika kwamba serikali yaweza kugharimia elimu bila kuendesha shule: mzazi apewe vocha, aipeleke katika shule aipendayo, iwe ya umma au ya kibinafsi. Mwaka 1990 John Chubb na Terry Moe walilikuza wazo hilo katika kitabu ambacho wanafunzi wa sosholojia hukutana nacho hadi leo chini ya kichwa cha Mrengo Mpya wa Kulia. Hoja yao haikuwa tu kwamba shule za umma nchini mwao ni dhaifu. Walisema udhaifu wenyewe unatokana na kuongozwa kidemokrasia: kwamba mabaraza yanayochaguliwa, wanasiasa na vyama vya walimu huzaa urasimu, na urasimu huikaba shule koo. Tiba waliyoipendekeza ni kuitoa shule mikononi mwa siasa na kuikabidhi soko.

Namsihi msomaji aitafakari hoja hiyo polepole, kwa maana inatugusa sisi kuliko watu wengine wote. Tumeishi chini ya demokrasia mbovu. Tumeona kura zikiibwa, tumeona bodi za shule zikijazwa jamaa za wakubwa. Lakini ni lini tulipohitimu kwamba kwa kuwa Bunge limeoza basi Bunge liuzwe? Tulidai Bunge bora. Mbele ya sanduku la kura, mwenye shamba la ekari elfu moja na kibarua wake kila mmoja hupewa karatasi moja. Sokoni haiwi hivyo. Sokoni inayopiga kura ni shilingi, na mwenye shilingi nyingi ana kura nyingi. Kuyaita mambo hayo mawili kwa jina moja la uchaguzi ni kumvisha mbwamwitu ngozi ya kondoo.

Kama wakili niongeze jambo. Mteja ana mkataba. Raia ana haki. Mteja asiporidhika anachukua fedha zake anakwenda kwingine, na hapo sheria imemalizana naye. Raia asiporidhika anabaki, anadai, anashtaki, anapiga kura. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakikusema kila mtoto ana haki ya kununua.

Kuna mwanauchumi mwingine, Albert Hirschman, ambaye hakuwa adui wa soko hata kidogo. Mwaka 1970 aliandika juu ya njia mbili zilizo wazi kwa mtu asiyeridhika: kuondoka, au kupaza sauti. Mfano uliomfikirisha aliutoa Nigeria. Huko reli ya serikali ilizidi kuoza huku malori yakishindana nayo, na ushindani huo, kinyume cha walivyotarajia wasomi, haukuiponya. Kwa nini? Kwa sababu wenye mizigo ya maana, ambao wangepiga kelele mpaka zikasikika, walihamia kwenye malori. Waliobaki hawakuwa na sauti, na reli haikuihofu hasara kwa kuwa Hazina iliifidia. Hirschman akaonya kwamba shule za umma zaweza kupatwa na hayo hayo, kwani wazazi wanaojali ubora zaidi ndio huwa wa kwanza kutoka.

Nani kati yetu hajayaona haya kwa macho yake? Daktari, wakili, mwakilishi wa wadi, afisa wa elimu, hata mchungaji (nauliza kwa heshima), watoto wao wako wapi? Wako akademia. Basi choo cha shule ya msingi ya mtaani kikibomoka, ni nani aliyebaki pale ambaye simu yake ofisini hupokelewa?

Si kwamba fundisho hili halijajaribiwa. Jaribio lake kubwa lilianza nchini Chile mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi wa Augusto Pinochet. Wala si ajabu kwamba lilianzia mahali ambapo wananchi hawakuulizwa. Fedha za serikali zilimfuata mwanafunzi, ziwe zinakwenda shule ya manispaa au ya mwenye biashara. Mwaka 2006 watafiti Chang-Tai Hsieh na Miguel Urquiola walichapisha matokeo ya uchunguzi wao: hawakuona ushahidi kwamba wastani wa kufaulu ulipanda, bali waliona kwamba watoto wenye uwezo zaidi walihama shule za umma. Mwaka huo huo wanafunzi wa sekondari walijaza barabara, na tena mwaka 2011, mpaka sheria ya mwaka 2015 ikaanza kukomesha faida, karo na uteuzi wa wanafunzi katika shule zinazopokea fedha za umma. Nao Waingereza waliweka soko kwa sheria ya mwaka 1988. Stephen Ball na wenzake walipowachunguza wazazi wa London katika miaka ya 1990, walikuta kwamba wenye elimu, gari na wakati ndio waliojua kuchagua, na wengine walichukua kilichokuwa karibu.

Hapa kwetu soko halikuja kwa jina lake. Lilikuja kwa jina la kugawana gharama. Karo ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa kwa hatua mbili katika miaka ya 1970, ingawa michango ya ujenzi iliirudisha kwa mlango wa nyuma. Kisha, baada ya Tume ya Kamunge, Waraka Nambari 6 wa mwaka 1988 ukamtwika mzazi mzigo wazi wazi, katika miaka ile ambayo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilikuwa zikizishurutisha serikali zetu kupunguza matumizi. Tuliambiwa kwamba mzazi huthamini kile anacholipia. Katika miaka ya 1990 kiwango cha watoto waliosoma kikashuka. Halafu Januari 2003 karo ikaondolewa, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka shuleni mwaka huo. Thamani ya elimu wazazi wao walikuwa wakiijua siku zote. Walichokosa ni fedha.

Madarasa yalifurika, ni kweli. Walimu hawakuongezwa kwa kadiri iliyotakiwa, na wazazi wengi, hata maskini, walihamisha watoto. Hapo ndipo wauzaji walipoingia. James Tooley, profesa Mwingereza aliyefanya utafiti Kibera, alizisifu shule za kibinafsi za mitaa ya mabanda kuwa ni ushahidi kwamba maskini hawaihitaji serikali. Mwaka 2009 kampuni ya Bridge ikafungua shule yake ya kwanza jijini Nairobi, ikavutia fedha za matajiri wa kigeni na za tawi la Benki ya Dunia, na mwalimu akawa anasoma somo neno kwa neno kutoka kwenye kifaa cha mkononi.

Sitaficha lililo upande wao. Utafiti uliofanywa na Michael Kremer na wenzake, ukatolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba watoto waliopata ufadhili wa kusoma katika shule hizo walijifunza zaidi kwa kiasi kikubwa. Lakini tuulize: ni kwa sababu mzazi alilipa karo, au ni kwa sababu mwalimu alikuwa darasani na somo lilikuwa limepangwa? Tangu mwaka 2015 mpango wa Tusome ulipeleka miongozo ya mwalimu, vitabu na ukaguzi katika shule za msingi za umma kote nchini, na usomaji wa watoto ukapanda bila mzazi kuuziwa somo. Na soko lina upande wake mwingine pia. Septemba 2019 shule ya kibinafsi ya bei nafuu iliporomoka Dagoretti asubuhi, watoto wakafa. Ukaguzi wa jengo ni kazi ya serikali, ile ile inayoambiwa ikae kando. Mwaka 2022 tawi lile la Benki ya Dunia likajitoa katika Bridge, baada ya malalamiko ya watetezi wa haki wa hapa hapa kwetu.

Atasema mtu: Je, shule huru za Wakikuyu zilizoanzishwa baada ya mgogoro wa mwaka 1929 na wamisheni, na shule za harambee baada ya uhuru, hazikujengwa na wazazi wenyewe? Zilijengwa, na ni heshima yetu. Lakini hazikuwa na mwenye hisa. Chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939, kilisimama kwa michango ya watu ambao baadhi yao hawakuwa na mtoto wa kupeleka pale. Makanisa yetu nayo hayana budi kujiuliza, pale yanapofungua akademia ya karo kubwa ubavuni mwa shule ya umma ambayo yenyewe ndiyo mfadhili wake, kama yanaendeleza kazi ya waasisi au yamejiunga na soko.

Tena wanaolisifu soko hawaliamini hadi mwisho. Mwaka 2011 baadhi ya wazazi wa shule za kibinafsi walikwenda Mahakama Kuu kupinga sera iliyowapa wanafunzi wa shule za msingi za umma nafasi nyingi zaidi katika shule za kitaifa. Tazama mantiki yake: soko katika shule ya msingi, ambako shilingi inashinda, kisha mali ya umma katika kidato cha kwanza, ambako bweni na maabara vimelipiwa na mlipa kodi. Mahakama iliikataa hoja yao, ikashikilia kwamba usawa wa kweli huangalia mtoto ameanzia wapi.

Mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Fedha aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu kulipa kikamilifu ruzuku ya elimu, ambayo kwa sekondari ilikuwa imetangazwa kuwa Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Pengo hilo tayari linamfikia mzazi kwa majina mengi: motisha, masomo ya ziada, ukarabati. Ofisini kwangu huletewa vijana waliorudishwa nyumbani kwa ajili yake. Basi kila msomaji aliye na mtoto katika shule ya umma, au mwenye kiti katika bodi kwa niaba ya kanisa lake, akishike kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kinakataza karo ya masomo. Kinakataza mtoto kufukuzwa kwa kushindwa kulipa tozo. Na kinakataza mtu yeyote kukusanya tozo bila kutoa risiti rasmi. Katika mkutano ujao wa wazazi, mwulizeni mwalimu mkuu, kwa adabu na mbele ya wote, ni kiasi gani cha ruzuku kilifika muhula huu na lini. Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala ipelekwe kwa mbunge. Anayetozwa chochote, adai risiti na aitunze.