"MANESI WAPO KIBAO MTAANI": twende Dover kidogo

1.
Uzi huu ni mrefu, nimeuandika vipande vipande baada ya zamu, mkikuta nimerukaruka mnisamehe.

Wiki iliyopita niliandika hapa kwamba kuna hospitali (siitaji, bado nakula pale) inataka kuwaondoa manesi wa ajira ya kudumu kwenye wodi za usiku, walete wa wakala, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Tangazo lenyewe lilikuja kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku. Wengi mlinitia moyo, asanteni. Ila kaka mmoja akaandika: "Kama hamtaki ondokeni, manesi wapo kibao mtaani." Na watu wakampigia makofi.

Kaka yangu, siku ile sikukujibu kwa sababu ningekujibu vibaya. Leo nakujibu kwa kukupeleka Uingereza, kwenye mji unaoitwa Dover. Usiwe na haraka, tutarudi wodini.

2.
Dover ni mji mdogo wa bandari, kusini mashariki mwa Uingereza, chini ya yale majabali meupe ya chokaa. Bahari pale ni nyembamba, kama kilomita 33 tu mpaka Ufaransa, siku ya anga safi unaiona ng'ambo kwa macho yako. Feri ya kwenda Calais inachukua kama saa moja na nusu. Fikiria Kigamboni, ila ukivuka unateremka nchi nyingine, na ndani ya feri kuna malori, mabasi, mikahawa na maduka. Mji kama huo feri ikikohoa, nyumba nyingi zinaumwa.

3.
Alhamisi, tarehe 17 Machi 2022, kampuni ya P&O Ferries iliziambia meli zake zote zibaki bandarini, kuna tangazo. Mabaharia wakakaa wasikilize. Ikachezwa video iliyorekodiwa kabla, dakika chache tu: kazi yenu inaisha leo. Watu 786. Nje ya meli walinzi walishaandaliwa kuwatoa, na watu wa wakala walishaandaliwa kuingia.

Si wote walitoka kimya. Kule Hull, bandari nyingine ya Uingereza, nahodha mmoja aliinua ngazi ya meli ili walinzi wasipande, yeye na watu wake wakabaki ndani kwa saa kadhaa. Pale Dover watu walijaa barabara ya kuingilia bandarini, wakaifunga.

Mimi hiyo video niliiona kwa mara ya kwanza chumba cha manesi, tunakunywa chai. Mwenzangu akacheka, "afadhali wao wameambiwa kwa video, sisi huwa tunakuta tu jina halipo kwenye rosta." Tukacheka wote. Sasa hivi sicheki tena.

4.
Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo nesi anaona kitu ambacho mhasibu hakioni.

Hesabu ya mhasibu: natoa mabaharia mia nane kasoro, naingiza wengine wenye vyeti vilevile, kwa bei ya chini. Vyeti ni vilevile, basi kazi ni ileile. Ndiyo hesabu yako wewe kaka. Nesi ni nesi, ana leseni, mweke pale.

Sasa sikiliza ripoti ya makabidhiano ya zamu, ile isiyoandikwa popote. Kitanda namba 9 atakwambia hajambo mpaka mwanawe aondoke, ndipo aseme anaumwa. Mtungi wa oksijeni wa kona ile, mshale wake unasoma uongo, ukiona robo ujue umeisha. Kabati la dawa za dharura lazima uliinue kidogo ndipo lifunguke. Mtoto wa kitanda cha dirishani akinyamaza si kwamba amelala, mkimbilie. Hakuna chuo kinachofundisha haya. Nimeyajua kwa miaka, na niliyapokea kwa dada mmoja aliyestaafu, yeye naye aliyapokea kwa mwingine. Ukituondoa wote usiku mmoja hukuondoa mshahara tu. Umeondoa na hiyo ripoti.

Na meli ni hivyohivyo. Hamniamini? Wakaguzi wa usalama wa baharini wa Uingereza walipoanza kukagua meli za P&O zenye watu wapya, waliizuia ya kwanza, European Causeway, siku chache tu baada ya tukio, na sababu mojawapo waliyoitaja ni kwamba wafanyakazi hawajaizoea meli, pamoja na mafunzo na nyaraka. Ikafuata Pride of Kent, hapohapo Dover. Ikafuata Spirit of Britain. Meli tatu! Watu wenye vyeti kabisa. Baadaye zilirekebishwa na kuruhusiwa, nisiseme uongo. Ila ile European Causeway, mwezi uleule wa Aprili iliporudi kazini, ilikata umeme katikati ya safari ikawa inaelea tu kwa muda. Sisemi walioisababisha ni wale wapya, sikuwepo. Nasema wewe ungependa kuwa abiria siku hiyo?

5.
Na Dover si mji wa kufundishwa jambo hili. Ulishafundishwa, kwa majeneza.

Tarehe 6 Machi 1987, feri ya Herald of Free Enterprise ilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Dover. Ile milango mikubwa ya mbele wanayoingilia magari iliachwa wazi. Maji yakaingia sakafu ya magari, meli ikalala ubavu kwa dakika moja na nusu hivi, hata haijafika mbali na bandari. Walikufa watu 193. Kati yao 38 walikuwa wafanyakazi wa meli, na kanisa la St Mary's pale Dover lina dirisha la kumbukumbu yao, kila Machi wanaswali ibada.

Sisi tuliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 hatuhitaji kuelezwa machozi ya namna hiyo.

Sasa nani alaumiwe? Kazi ya kufunga milango ilikuwa ya baharia mmoja, na wakati huo alikuwa kitandani kwake amelala, baada ya kazi za usafi na matengenezo. Ingekuwa kwetu habari ingeishia hapo: "baharia mzembe alala, 193 wafa." Picha yake gazetini, kesho asubuhi ofisini wanaendelea na chai. Kama zinavyoishia habari zetu: "nesi azembea, mama apoteza mtoto." Hakuna anayeuliza huyo nesi alikuwa peke yake na wajawazito wangapi.

Wenzetu walichimba. Tume ya uchunguzi ikakuta nahodha hana hata taa ya kumwonyesha kama mlango umefungwa. Na manahodha walishaomba taa hiyo kwa maandishi kabla ya ajali! Bosi mmoja akajibu kwa kejeli, wazo zuri, lakini si tayari tunamlipa mtu kwa kazi hiyo? Taa tu jamani. Ikakuta na barua ya ndani ya kuwasukuma maofisa watoke Zeebrugge dakika kumi na tano kabla ya muda. Tume ikasema wazi kwamba uzembe ulikuwa umeienea kampuni nzima, kuanzia juu mpaka chini.

Mimi hiyo barua naijua. Sijawahi kuiona, lakini naijua. Ni ileile ya "vitanda vizunguke haraka". Ni lile ombi letu la kengele ya mgonjwa ya upande wa wanawake, mwaka wa pili sasa, tunajibiwa manesi si mpo?

Kampuni iliyokuwa na meli ile ilikuwa imenunuliwa na P&O miezi michache tu kabla ya ajali. Mwaka uliofuata, 1988, mabaharia wa Dover waligoma kupinga watu kupunguzwa na zamu kurefushwa. Mwaka mmoja baada ya mazishi! Waliokataa kurudi wakafukuzwa.

6.
Kuna atakayesema, nesi unaongea kwa hisia, kampuni ilikuwa inakufa. Ni kweli mwaka 2022 walisema wanapata hasara ya pauni milioni 100 kwa mwaka. Korona iliwapiga, sikatai. Biashara ikizama hata baharia anazama nayo.

Lakini sheria ya Uingereza inasema ukitaka kupunguza watu wengi hivyo, ukae kwanza na chama chao cha wafanyakazi mzungumze. Wiki moja baadaye mkurugenzi mkuu, Peter Hebblethwaite, aliitwa bungeni. Akakiri mbele ya wabunge: ndiyo, tulitakiwa kushauriana nao, na tuliamua kutofanya hivyo, kwa sababu tulijua hawatakubali. Akaongeza kwamba angerudia tena uamuzi uleule.

Soma tena hapo. Amevunja sheria kwa makusudi, amesema kwa mdomo wake, bungeni, mchana kweupe. Matokeo? Kampuni ilitenga fidia ya jumla pauni milioni 36.5, wafanyakazi wakasaini na kukubali kutoenda mahakamani, na ilipofika Agosti ofisi husika ikasema haitafungua kesi ya jinai. Kwa maneno mengine, sheria ilikuwa na bei, na bei ikalipwa.

Mshahara je? Siku hiyo bungeni alisema watu wapya watalipwa kwa wastani pauni 5.50 kwa saa. Kima cha chini cha Uingereza wakati huo kilikuwa pauni 8.91. Iliwezekanaje? Meli zilishahamishiwa bendera ya Cyprus tangu 2019, na njia ni ya kimataifa, kwa hiyo kima cha chini cha nchi kavu hakiwahusu. Meli inapakia Dover, inauza chai Dover, inabeba watu wa Dover, ila kwenye mshahara ni meli ya Cyprus. Mwaka 2024 wabunge walimwita tena, wakamuuliza kama yeye angeweza kuishi kwa pauni 4.87 kwa saa. Akajibu hapana, asingeweza. Walau hapo alisema ukweli.

7.
Na wale walioingia? Waliripotiwa kutoka India, Ufilipino na Ukraine, wanakaa melini wiki nyingi mfululizo. Sitawatukana hata kidogo. Ana mama yake anasubiri hela kama mimi nilivyokuwa na mama anasubiri. Mimi nimejitolea hospitali miaka miwili bila mshahara baada ya diploma, nauli natoa mwenyewe. Mwaka ule wakala angenipigia simu akaniambia njoo uchukue nafasi ya dada fulani, ningeenda mbio na viatu mkononi.

Kwa hiyo kaka yangu, hao "kibao mtaani" unaonitishia nao ni wadogo zangu. Nilikuwa mmoja wao. Mdogo wangu huyo atapewa wodi ya wagonjwa thelathini usiku wa kwanza, hajui mtungi wa kona unadanganya, na mgonjwa akifa jina gazetini litakuwa lake.

8.
Wengine mtauliza Dover inatuhusu nini. Mmiliki wa P&O Ferries ni DP World ya Dubai. Ndiyo, hiyohiyo. Bunge letu liliridhia makubaliano Juni 2023, mikataba ikasainiwa Oktoba 22 mwaka uleule, miaka 30 kwenye gati za bandari ya Dar es Salaam.

Mnakumbuka tulivyogombana. Imeuzwa, haijauzwa, Tanganyika, Zanzibar, mpaka ndugu hawasalimiani. Mimi si mwanasheria, na sisemi wamefanya kwetu walichofanya Dover, sina ushahidi huo na serikali iliahidi ajira hazitapotea. Ninacholalamikia ni kwamba katika kelele zote nilizosoma mimi, swali la baharia wa Dover liliulizwa kwa nadra sana: je, mkataba unasemaje kuhusu anayeshika kamba gatini saa tisa usiku? Tuligombania ramani, mtu tukamsahau.

Waingereza wenyewe walizinduka kidogo. Mwaka 2023 walitunga sheria ya mishahara ya mabaharia, kwamba meli inayotia nanga bandari zao mara 120 au zaidi kwa mwaka ilipe sawa na kima cha chini ikiwa kwenye maji yao, na ikaanza kutumika Desemba 2024. Ufaransa nao wakatunga ya kwao. Kwa wale 786 ilikuja wameshaondoka.

9.
Turudi wodini kama nilivyoahidi. Kikao chetu na uongozi ni Jumatatu saa nane mchana. Tumekubaliana manesi tisa tunaingia pamoja, hakuna kuitwa mmoja mmoja. Tunaomba vitu vitatu tu: barua rasmi badala ya ujumbe wa WhatsApp, mwakilishi wa chama awepo chumbani, na kama wakala lazima aje, basi kila nesi mpya afanye zamu pamoja nasi wiki nne kabla hajaachiwa usiku peke yake. Hilo la tatu mwenzangu mmoja hataki, anasema tunawafundisha watakaotutoa. Labda. Lakini wagonjwa ni walewale, na mimi sitaki kuondoka na ripoti kichwani.

Na ile kengele ya upande wa wanawake nitaiulizia tena, kwa maandishi, na nakala nitabaki nayo.