Batri ya bei ya chini, mguu wa mwenzetu



Kila mtu anajua kama kobalti ya kwetu Kolwezi inaingia mu batri za motokari za umeme za China na Ulaya. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Lakini sisi wenye kuichimba, usiku moja wa mvua, tulisukuma pikapu na mikono yetu. Mwenzetu alikuwa amelala ndani, mguu umepondwa na jiwe. Pikapu ilikataa kuwaka. Batri yake ilikuwa na wiki tatu tu.

Kesho yake tulifungua kapo pamoja na fundi. Batri ilikuwa ndogo kuliko nafasi yake, wakaifunga na kipande cha mpira. Juu yake kuliandikwa 45 Ah: batri ya motokari ndogo ya esansi. Ile pikapu ni ya mazutu, na kitabu chake kinaomba 90. Mchana ilikuwa inajikaza. Ile usiku, taa zikiisha kukaa muda mrefu zinawaka, ikakufa. Mwenzetu alipona, lakini mguu ulikatwa. Hatuwezi kuapa kama zile dakika njo zilimunyanganya mguu. Tunajua paka kama hazikumusaidia.

Njo maana tunasema: batri ya pikapu yenye kubeba wafanyakazi haiko mambo ya shofere peke yake, wala ya ofisi ya kununua peke yake. Ku machimbo, usiku, ile pikapu njo ambulansi yetu.

Watatuambia: batri ni batri. Hapana. Mashine ya mazutu inakandamiza hewa kwa nguvu sana, inaomba nguvu nyingi ya kuizungusha. Kwa hiyo tuangalie namba tatu: volti 12, Ah, na ampere za kuwasha, zenye kuandikwa na A ku mwisho. Zisipungue zile ambazo kitabu cha motokari kinaomba. Zikizidi kidogo, haina shida, kama batri inaingia vizuri mu nafasi yake na alama ya + iko upande wake. Na ifungwe na chuma yake, haiko na kamba: barabara zetu zinatikisa, na mutikisiko unavunja mabamba ya ndani.

Tuangalie tena siku ilitengenezwa. Batri inazeeka hata ku depo, na ile inashinda ku jua mbele ya magazini inazeeka mbio. Mbele ya kulipa, muuzaji aipime: ikikuwa na volti 12.6 ao zaidi, ni muzuri. Ikiwa chini ya 12.4, aibakie nayo.

Na mbele ya kutupia batri makosa, tupime alternatere. Mashine ikiwaka, chombo kionyeshe karibu 13.8 mpaka 14.4. Kama haifike pale, hata batri mupya ya bei kali itakufa, na pesa imepotea bure.

Kwa wamama, neno moja: batri ya zamani isikuje ku nyumba. Ndani mwake muko risasi na asidi. Watoto wasiipasue, watu wasiyeyushe risasi mu sufuria. Irudishwe kwa muuzaji.

Tunasikia jibu: pesa haiko. Lakini ile batri ya 45 waliinunua, kiisha wakanunua ingine ya 90. Walilipa mara mbili, na mwenzetu akalipa kuwapita wote.

Code du travail ya 2002 inaomba komite ya usalama na usafi mu kazi. Madelege, msikae kule paka kwa kutia sinyatire. Muombe mambo matatu: karatasi ya kila pikapu yenye kuonyesha batri gani inaomba, fundi aandike vipimo vya volti kila mwezi, na batri mupya isiingie mu motokari mbele delege na fundi hawajaisoma namba pamoja.

Tuanze wiki hii. Kila ekipe, mbele ya kushuka, ifungue kapo ya pikapu yake na kusoma.