Anayeleta projekta kwa wahami alete na adapta inayofaa

Masisi na Walikale – Kuna neno moja ambalo wahami na wakaaji wanaowapokea wamelisikia mpaka wamechoka: “Mashine imekataa.” Watu wamejazana darasani tangu asubuhi. Shitingi imefunika madirisha ili giza liingie, jenereta inanguruma nje, na ukutani kuna mwanga wa buluu tu. Kijana mwenye laptopu anachomoa waya, anaupuliza, anauchomeka tena. Saa moja inapita. Kisha watu wanaombwa warudi juma lijalo, kana kwamba mama aliyeacha kibarua chake cha siku atalipwa na mtu.

Mashine haijakataa. Mara nyingi laptopu ni nzima, projekta ni nzima, na mafuta ya jenereta yamenunuliwa. Aliyeharibu kazi ni yule aliyenunua adapta bila kuangalia matundu ya vyombo vyake, halafu akamwachia mhamasishaji aibu yote mbele ya watu.

Na si sinema ya kujifurahisha inayokosekana. Familia zinazorudi vijijini zinahitaji kuona sura ya mabomu na grenedi zilizobaki mashambani, ili mtoto asiokote chuma akidhani ni cha kuchezea. Redio inaweza kuonya asubuhi na jioni, na inafanya hivyo. Lakini redio haionyeshi rangi wala umbo la kitu. Picha ikikosa kutoka siku hiyo, wengine wanakuwa wamekwisha kuondoka kabla ya mkutano wa pili.

Ugumu uko wapi? Projekta nyingi za shule na parokia ni za zamani. Zina tundu pana la VGA lenye vishimo 15 katika mistari 3, aina iliyoletwa na IBM mwaka 1987. Laptopu nyingi za sasa hazina tundu hilo. Zina HDMI, au USB-C peke yake. HDMI hutuma picha kwa njia ya dijitali, kama hesabu. VGA huipokea kama umeme unaopanda na kushuka. Kwa hiyo waya mtupu wenye kichwa cha HDMI upande huu na cha VGA upande ule hauwezi kitu kwenye laptopu ya kawaida. Lazima katikati kuwe na kifaa kidogo cha kugeuza. Waya ule mtupu ni rahisi kwa bei, na ndiyo maana unanunuliwa. Anayeununua amepoteza pesa yote, si nusu.

Tena kuna upande. Adapta inayotoa picha kwenye HDMI na kuipeleka VGA haifanyi kazi ikigeuzwa. Mnunuzi anayefika Birere, mjini Goma, na kuomba “adapta ya HDMI na VGA” bila kusema ipi ni laptopu na ipi ni projekta, anaweza kupewa ile ya kinyume, na kosa litakuwa lake.

Kosa la USB-C linauma zaidi kwa sababu linadanganya macho. Matundu mawili yanaweza kufanana kabisa, moja likatoa picha na lingine likachaji na kupeleka mafaili tu. Adapta ya kawaida ya USB-C, hata ya bei kubwa, haiwezi kulilazimisha tundu la pili kutoa picha. Wakati mwingine kando ya tundu kuna alama ya radi, au herufi D na P zilizounganishwa; hiyo ni dalili njema. Kama hakuna alama, asome maelezo ya aina ya laptopu hiyo kabla ya kutoa hata franka moja. Simu nyingi za bei ndogo nazo zina USB-C isiyotoa picha. Adapta zile za kuchomeka kwenye USB ya kawaida mara nyingi huomba programu yake. Nani atapakua programu Kashebere au Ntoto, mbele ya watu mia mbili?

Wako wanaojiona wajanja wakisema: nunua ile yenye midomo mingi, itatosha kila kitu. Ofisini Goma, sawa. Darasani Nyabiondo, kifaa hicho kinakula betri ya laptopu, na kikifa kinakufa na midomo yake yote. Adapta ya kazi moja, pamoja na nyingine ya akiba kama hiyo hiyo, inafaa zaidi. Na iwe na tundu la sauti, maana VGA haibebi sauti. Filamu ya maonyo isiyosikika nyuma ya darasa imeonyeshwa bure.

Jibu la wenye miradi linajulikana: bajeti haikutaja adapta. Bajeti ilitaja laptopu, projekta, mafuta na usafiri wa pikipiki katika matope ya njia ya Walikale, ikasahau kitu cha dola chache kinachounganisha vyote. Na huku ndiko Rubaya inakotoka koltani. Huku ndiko Bisie inakotoka kasiteriti, na bati yake ndiyo hutumika duniani kuunganisha vipande vya elektroniki. Madini yanashuka kwa tani. Mwananchi wa juu ya mgodi anaonyeshwa ukuta wa buluu.

Anayekuja na mkutano ajaribishe vyombo vile vile kabla ya kupanda: laptopu ile, kwa betri peke yake, na skrini ya VGA. Amwombe muuzaji amwonyeshe picha kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, meza ya pili iko karibu. Kwenye laptopu ya Windows abonyeze kitufe cha Windows pamoja na P, maana mara nyingine adapta inatukanwa wakati picha haijaruhusiwa tu kutoka. Picha ikikataa bado, apunguze ukubwa wake hadi 1024 kwa 768, kipimo ambacho projekta nyingi za zamani zinakijua.

Baada ya mkutano, adapta ifungwe kwa kamba kwenye projekta na ibaki na mkurugenzi wa shule au kamati ya wahami, isirudi Goma mfukoni mwa mgeni.