Mbona Hawatuambii Muda Wake?

Nina dukuduku moyoni la siku nyingi. Vyombo vyetu vya habari vinapowatangaza wanariadha wenye ulemavu, hutuambia mambo yote ila mchezo wenyewe.

Chukueni mfano wa Henry Wanyoike. Ni nani hapa nchini asiyejua kwamba alipoteza uwezo wa kuona mwaka wa 1995 baada ya kupatwa na kiharusi? Habari hiyo tumeisikia redioni na kuiona kwenye runinga, tena kwa sauti ya matanga. Sasa hebu niwaulize, alizimaliza mita 10,000 kwa muda gani kule Athens mwaka wa 2004? Kimya! Basi niwaambie: dakika 31 na sekunde 37. Na mita 5,000? Dakika 15 na sekunde 11. Akazitwaa dhahabu zote mbili. Enyi mabingwa wetu wa mbio za nyika mnaojigamba bwenini, nani atathubutu kusimama naye mstarini?

Miaka minne kabla ya hapo, mjini Sydney, kiongozi wake alikuwa mgonjwa, ikabidi Wanyoike ndiye amkokote hadi mwisho. Kisa hiki husimuliwa kama muujiza wa kuliza watu. Mimi nakiona vingine. Katika kundi la T11, yaani la wasioona, mkimbiaji na kiongozi huunganishwa kwa kamba fupi, na kiongozi haruhusiwi kumvuta wala kumtangulia utepeni. Kumbe bingwa kama huyu anahitaji mtu mwenye macho anayeweza kwenda kasi ile ile bila kuishiwa pumzi! Atampata wapi? Hufanya mazoezi pamoja saa ngapi? Nani humlipa huyo kiongozi? Hayo ndiyo ningependa kusoma. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, lakini tunachoonyeshwa ni machozi tu.

Halafu kuna suala la lugha, na hapo sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tusijitie hamnazo. Eti "wasiojiweza"! Mtu amekimbia kilomita kumi kwa nusu saa na ushei, nawe unayetweta ukipanda ngazi za maktaba ndiwe unayejiweza?

Mwaka wa 2024, Samson Ojuka alishinda fedha katika kuruka mbali mjini Paris, medali ya pekee ya Kenya kwenye Paralimpiki hiyo. Nilikimbilia maktaba kutafuta habari zake. Katika gazeti nililolipata, zilikuwa aya mbili tu, zimebanwa chini ya kandanda ya Uingereza. Aliruka umbali gani? Halikusema.

Najua wapo watakaosema kuwa hadithi za huzuni hutia watu moyo. Sikatai. Lakini Eliud Kipchoge alipokimbia mjini Vienna mwaka wa 2019 tulitajiwa hata sekunde, saa 1:59:40, na moyo tukatiwa vile vile.

Jamani, hata mimi si malaika. Siku ya michezo hapa shuleni niliandika habari za ubao wa matangazo. Mwenzetu mmoja mwenye mkono mmoja alikuwa wa tatu katika mita 800. Nikaandika kwa madaha kwamba "licha ya masaibu yake" alitugusa nyoyo. Jioni akanijia kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi.

"Ndugu yangu, yule wa kwanza umemwandikia muda wake. Na wa pili pia. Wangu uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijauliza. Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wa michezo, akafungua daftari lake: dakika 2 na sekunde 14. Nikachukua kalamu nikarudi ubaoni.