MRIJA WA UREMBO NA ROHO ZA WATU

Tarehe 23 Oktoba, 2005, Bibi Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki dunia huko Marbella, Hispania. Hakuuawa na malaria wala na ajali ya gari. Alikwenda mwenyewe kwa daktari wa urembo apunguzwe mafuta ya tumbo, na zilikuwa zimebaki wiki chache tu atimize miaka 60. Ilithibitika mahakamani kwamba mrija wa kunyonyea mafuta ulipita pasipo mahali pake, ukaingia ndani ya tumbo, ukatoboa utumbo na kujeruhi ini. Mwaka 2009 daktari yule alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja.

Twamtaja marehemu kwa heshima. Lakini ikiwa mke wa Rais, ambaye hakukosa fedha wala washauri, alipatwa na hayo katika mji wa matajiri wa Ulaya, je, karani aliyekopa katika chama chake cha akiba ili afanyiwe jambo hilo hilo katika chumba kilicho juu ya duka, atasalimika kwa lipi?

Matangazo husema kazi hii ni nyepesi: asubuhi waingia, jioni warudi kwako umekuwa mwembamba. Sivyo. Daktari hutia chini ya ngozi maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi, kisha hupenyeza mrija wa chuma na kuusukuma mbele na nyuma huku mashine ikifyonza mafuta. Ncha ya mrija haonekani iliko. Daktari huifuata kwa mkono tu. Utumbo ukitobolewa, uchafu humwagika tumboni, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani akidhani maumivu ni ya kidonda, kumbe sumu yaenea katika damu. Mafuta yaliyovurugwa huweza kuingia mshipani yakaziba mapafu. Damu huweza kuganda mguuni ikapanda huko huko. Dawa ya ganzi ikizidi kipimo huweza kusimamisha moyo.

Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2000 ulikuta kifo kimoja hivi katika kila watu 5,000, na hao walikuwa mikononi mwa madaktari bingwa. Tena raia 93 wa Marekani walikufa kati ya 2009 na 2022 baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika, mahali ambapo wengi hufuata bei nafuu. Nairobi nako, mwaka 2024, mama mmoja alikufa baada ya kufyonzwa mafuta, na wenye mamlaka wakaifunga kliniki. Iliwapasa kuikagua kabla, si baada.

Wako wanaume wanaocheka wakisema ni upuuzi wa wanawake (na baadhi yao ndio hao wanaowasimanga wake zao kwa vitambi, wakisahau vya kwao). Sisi hatucheki. Mwenye kosa ni yule auzaye hatari kwa jina la urembo, akapokea fedha, na mambo yakiharibika akampeleka mgonjwa hospitali ya umma, ambako kitanda, damu na dawa hulipiwa na kodi ya mfanyakazi.

Twataka sheria itekelezwe. Asishike mrija huo mtu asiyefundishwa upasuaji. Pawepo mtaalamu wa dawa ya usingizi, hewa ya oksijeni, na gari lililo tayari. Mgonjwa aelezwe hatari zote kwa Kiswahili kabla hajatoa hata shilingi moja.

Na aliyekwisha kufanyiwa, akiona tumbo lauma zaidi badala ya kupoa, au homa, au pumzi zampaa, au mguu mmoja umevimba, asingoje kupigiwa simu na kliniki. Aende hospitali kubwa usiku huo huo, na aseme bila haya alichofanyiwa, maana daktari asiyeambiwa huenda akatibu ugonjwa mwingine.