Kitanda kinafunguka, mbona meza haifunguki?

Bei ya meza si ile fundi anakutajia. Kama ndio unaanza maisha, uwe umekodi chumba Bungoma mjini ama umejenga simba yako kule Malakisi, hilo ndilo jambo la kwanza kujua. Bei ya meza ni ile ya fundi, ongeza ile ya kuifikisha mlangoni kwako. Na kama huna gari, hiyo ya pili ndiyo itakutoa jasho.

Hebu tupige hesabu. Tuseme umeona meza ya 3,000 kando ya barabara pale Bungoma. Msasa umepita vizuri, vanishi inang'aa. Mwenye pikapu anataka 2,500 kuipeleka Malakisi. Jirani yako mwenye kazi nzuri amechukua sofa seti ya 50,000 na pikapu hiyo hiyo inambebea kwa 3,500. Meza yako imekaribia kupanda bei mara mbili. Sofa yake haijapanda hata shilingi kumi kwa kila mia. Mimi chuo niliacha njiani, lakini hesabu hii haitaki digrii: usafiri hauangalii mfuko, na anayenunua kidogo ndiye anayeumia zaidi. Tena mwenye pikapu anakuhesabia kwenda na kurudi, kwa sababu anajua atarudi tupu.

Utasema, si nipande nayo matatu? Jaribu uone. Tangu sheria za Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, kila abiria anafaa awe na kiti chake na mkanda wake. Matatu ya watu 14 ni ya watu 14. Hata pale sheria inapopindwa, konda anajua thamani ya kila kiti: "Brathe, hiyo meza ni watu wawili, na wewe wa tatu." Ikipanda juu kwa keria, omba mvua isinyeshe na kamba isikwaruze vanishi.

Boda naye hakatai kitu. Sote tumeona kochi zima likipita barabarani, dereva haonekani. Lakini mzigo wa aina hiyo ni mpana kuliko pikipiki yenyewe, na kwenye barabara ya Malaba trela zinapita kila saa. Trela likipita karibu, upepo wake tu unatosha kumyumbisha. Huyo anayeendesha ni rika letu. Kuokoa elfu mbili kwa kuhatarisha mguu wa mwenzako sio ujanja.

Wazee watakuambia ununue kwa fundi wa nyumbani. Ni ushauri mzuri, pesa inabaki kijijini. Lakini si kila unachotaka kinatengenezwa karibu. Na vijana tunahama sana: leo uko Bungoma, mwaka ujao Kitale, baadaye Nairobi. Kila mara kodi ikipanda na ukahama keja, meza ile ile inataka pikapu tena.

Sasa angalia vile mbao hufika kwa fundi. Zinakuja zimelazwa, moja juu ya nyingine, kwa mkokoteni, bila matata. Zikishapigwa misumari zikawa meza, ndipo zinahitaji pikapu. Uzito haujaongezeka. Kilichoongezeka ni hewa, ile nafasi tupu kati ya miguu. Ndugu yangu, unalipia hewa nauli.

Na dawa yake tunayo tayari, tunailalia kila usiku. Kitanda cha mbao cha kawaida kinatengana: upande wa kichwa, upande wa miguu, mbavu mbili na mbao za katikati. Bolti chache, spana moja, na baada ya muda mfupi kimesimama. Hakuna anayemwambia fundi apigilie kitanda misumari kikawa kitu kimoja, kwa sababu wote tunajua hakitapita mlangoni.

Huko Uswidi, mwaka 1956, mfanyakazi wa IKEA aliyeitwa Gillis Lundgren alitaka kubeba meza kwa gari ikakataa kuingia. Akaitoa miguu. Kampuni ilijenga biashara ya dunia nzima juu ya wazo hilo. Na kumbuka, yule alikuwa na gari! Sisi tunaotembea na konda ndio tuna sababu kubwa zaidi ya kulitaka. Kwa kitanda tulishalifanya, tukaachia hapo.

Fundi atakuambia bolti hulegea. Ni kweli, hata za kitanda hulegea, na tunazikaza maisha yanaendelea. Msumari ndio ukilegea ni shida, kwa sababu kila ukiugonga tundu linazidi kupanuka. Atakuambia pia bolti ni ghali kuliko misumari. Sawa, hata akiongeza mia tatu, hiyo haifiki karibu na 2,500. Kochi ni gumu zaidi, nakubali, lakini hata hilo miguu na mikono yake inaweza kutoka.

Kaunti nazo zina nafasi yao. Chini ya katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwao. Bungoma na Trans Nzoia hazihitaji bajeti kubwa kwa jambo hili. Mwanafunzi wa useremala afundishwe kutengeneza meza inayofunguka, na imhesabiwe kwenye kazi zake za vitendo. Akimaliza, atakuwa na bidhaa ya kumuuzia mtu yeyote kutoka Malakisi hadi Kitale, si wenye magari peke yao.

Lakini fundi hutengeneza kile anachoulizwa. Kwa hivyo ukienda kuagiza, kabla ya kuanza kubishana bei, muulize swali moja: "Fundi, hii inafunguka?" Akisema haiwezekani, mwonyeshe kitanda alichokiegemeza ukutani, kikiwa vipande, kikingoja mteja.