Binti wa Handeni Naye Asafiri

Jamani, Elisi wa Lewis Carroll anaongea Kiswahili tangu 1940, kilipotoka kitabu Elisi katika Nchi ya Ajabu. Anauliza, anabishana hata na malkia, anarudi kwao. Je, msichana wa ngano zetu? Zimwi linamtia ngomani, anaimba, lenyewe linakula wali wa watu, yeye anangoja wazazi waitambue sauti yake. Sizikatai ngano hizo. Bibi zetu wa Handeni na Korogwe walitufunza tahadhari. Ila tahadhari peke yake haimfikishi mtu mbali. Waandishi wa chuo, naomba hadithi moja tu: binti avuke Mto Pangani, aingie nchi ya majini, ajadiliane nao, arudi na habari. Mdogo wangu wa kidato cha pili aisome mapema, kabla hajaaminishwa kwamba dunia inaishia Segera.